Nyimbo Zile Hazikuwa Zangu

Nyasubi, Kahama

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana naijua. Upo kwa jirani unaaga rafiki zako, na kicheko chako kinanifikia hapa uani. Nimefunga kibanda mapema leo. Niliwaambia wateja kwamba mtoto anasafiri kesho, wakaniachia bila maneno, isipokuwa Mzee Sudi aliyetaka kujua kama maharage yaliyobaki nayo yanasafiri. Jua bado halijazama. Nimekaa kwenye kigoda, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, na karatasi nimeilaza juu ya sinia. Ukiona herufi zimepinda, lawama ni za sinia.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kutokopesha watu usiowajua. Hayo nimeyasema tangu ukiwa mdogo, na ambayo sikuyasema mke wa mjomba wako atakumalizia huko Geita, Kalangalala, yule mama hanyamazi. Kazi ya duka la dawa umeisomea mwenyewe, mimi hata majina ya hivyo vidonge yananishinda kutamka. Mimi nimechoka, Kabula. Zamani nilikuwa nachoka jioni na kuamka mzima, siku hizi naamka na uchovu wa jana. Nguvu kidogo niliyobakiwa nayo nataka niitumie kwa jambo moja ambalo ana kwa ana nimeshindwa kukuambia. Ni habari ya nyimbo. Usicheke kwanza.

Unajua utaratibu wa kibandani kwetu. Aliyeuanzisha ni Mzee Sudi, kwa sababu ya ugomvi. Vijana wa bodaboda walikuwa wanataka singeli kuanzia asubuhi, yeye na vitenge vyake vya dukani anataka taarabu aliyokuja nayo kutoka kwao Tanga, na fundi cherehani wa pale mbele anataka dansi la zamani. Kila siku mtu anachomoa kadi ya mwenzake kwenye spika, maneno yanaanza, chakula kinapoa. Ndipo Mzee Sudi akasimama na kijiko mkononi akasema, "Jamani, tufanye hivi. Kila mtu ana zamu yake. Wimbo wa mtu haukatwi mpaka uishe, na ukiisha mwenyewe atuambie anaupendea nini. Asiye na sababu akae kimya ale."

Nilidhani hautamaliza wiki, lakini ukashika. Na mimi nikiwa nyuma ya masufuria nikawajua watu kwa namna ambayo sikuwajua kabla. Yule kijana mrefu wa bodaboda, mkali kama pilipili kichaa, alisema anapenda singeli kwa sababu ikipigwa hasikii mawazo yake. Fundi cherehani akasema dansi linamkumbusha mkewe alipokuwa bado anamchekea. Siku hiyo hakuna aliyemtania. Hata mwenye taarabu na mwenye singeli wakaanza kuulizana, "Hebu rudia pale kwenye kinanda," na mambo kama hayo. Watu wanaokula meza moja kila siku walikuwa hawajuani mpaka walipoanza kuonyeshana wanachokipenda.

Lakini mimi sikuwahi kushika zamu. Wakiniita, "Mama Kabula, leo zamu yako," nasema mimi napika tu, nasikiliza zote. Mzee Sudi akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. "Anayesikiliza zote hana wake," anasema. Mimi nageuza chapati.

Sasa ile siku wenzako wa chuo walipokuja kula kwetu. Mliunganisha simu yako na spika, mkapiga amapiano, mkawa mnacheza mmekaa. Nilifurahi. Ukaenda bombani kuchota maji, na simu ikajiendea yenyewe kwenye wimbo mwingine, zikatoka ngoma zetu za Kisukuma, na yule mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza. Nilizijua. Ulikuwa unazisikiliza kwa siri na vile vya masikioni kila ukiosha vyombo, na bega lako la kushoto lilikuwa linakuumbua. Ukarudi na ndoo, wenzako wanapiga makofi kwa kejeli.

"Heee, Kabula! Ngoma ya wapi tena hii? Umekuwa bibi?"

Ukaweka ndoo chini taratibu. "Siyo zangu hizo. Za mama. Huwa anaazima simu yangu."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na upawa mkononi. Nikasema, "Ndiyo, zangu."

Kibanda kizima kikashangilia. Mzee Sudi akainua mikono. "Alhamdulillahi! Miaka yote hii, leo Mama Kabula katoa wimbo wake. Haya, kanuni ni kanuni. Unaupendea nini?"

Nikasema maharage yanaungua, nikakimbilia nyuma. Wewe peke yako ulijua kwamba maharage yalikuwa bado hayajawekwa jikoni.

Kesho yake nilipochukua simu yako kumpigia muuza mkaa, nikaona umezifuta zote. Sikuuliza. Nilikwenda kwa yule kijana anayeingizia watu nyimbo pale stendi, nikamwimbia vipande nilivyovikumbuka, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akazipata. Zipo kwenye kadi yangu sasa, na wateja wamezizoea. Lakini siku ile hazikuwa zangu, zilikuwa zako, na mimi nilikusaidia kuzikana. Nilijiambia namkinga mtoto na aibu. Kumbe nilikuwa nakufundisha kitu ninachokijua vizuri mno, na tangu hapo sina raha.

Nilikijulia wapi? Tinde, mwaka ule nilipoolewa.

Wewe umekulia mjini na hukuwahi kuziona ngoma zile zilivyokuwa. Kwetu mtu alikuwa Mgika au Mgalu. Ni pande mbili za ngoma, na ushabiki wake ulizidi huu wa mpira. Watu wakishavuna, ngoma mbili zinaitwa kwenye uwanja mmoja, moja huku na nyingine kule, na zinapigwa kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu wenyewe ndio waamuzi, kwa miguu yao. Ngoma ikikukolea unahamia upande wake, ikikuchosha unavuka kwenda kwa wenzao, na mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo pale uwanjani ukisimama mahali, umeshasema.

Kwetu tulikuwa Wagalu. Mjomba wako Lufunga, kaka yangu huyu unayekwenda kukaa kwake, ndiye aliyekuwa mwimbaji. Usishangae. Huyu huyu ambaye kwenye simu anasema "ndiyo" na "haya" tu. Alikuwa akifungua mdomo, ng'ombe wanaacha kula. Nyimbo zake nyingine alizitunga tukiwa watoto machungani, na mmoja tuliutunga pamoja. Ulikuwa wa mtamba mmoja mkorofi aliyezaa mara ya kwanza, ambaye hakukubali kukamuliwa na mtu yeyote. Yeye anauliza, "Nani atamkamua huyu?" na sauti ya kike inamjibu, "Ni mimi, nipe kibuyu." Kwa Kisukuma unanoga. Nikikuandikia kwa Kiswahili unapoa, lakini ndivyo ulivyo. Ule wimbo hauendi mbele bila jibu. Ulitungwa hivyo makusudi, kwa sababu nilikuwa namlilia kwamba ananiacha nje ya nyimbo zake.

Nikaolewa kwa baba yako, Mungu amrehemu, na kwao walikuwa Wagika. Mwaka ule ule pande hizo mbili zikaitwa Tinde. Nikaenda na wakwe zangu, bibi harusi mpya na kanga mpya, nimesimama katikati ya mawifi upande wa Wagika. Kaka alikuwa upande wa pili, amepanda kichuguu ili watu wamwone.

Mchana wote idadi ya watu wa pande mbili ilikuwa inakaribiana. Halafu kaka akautoa ule wimbo wa mtamba. Nilijua anautoa kwa sababu yangu. Alijua nipo, na mtu akivuka uwanja akiwa anajibu wimbo, tena bibi harusi wa upande wa pili, uwanja wote ungemfuata. Akauliza, "Nani atamkamua huyu?"

Nikanyamaza.

Niliwatazama mawifi. Nikamtazama mama mkwe, bibi yako, amekunja mikono. Nikawaza watasema nini, watasema huyu hajaingia vizuri kwetu, moyo wake bado upo kwao. Kaka akauliza tena. Akauliza tena na tena, wapiga ngoma wakawa wanamtazama hawaelewi kwa nini haendelei mbele. Watu wakachoka kungoja, wakaanza kuhama mmoja mmoja kuja upande wetu. Akaukatiza, akaingia wimbo mwingine, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Wagika walishinda. Wengine walisema dawa yao ya kuvuta watu ilikuwa kali kuliko ya Wagalu. Mimi nilijua dawa ilikuwa mdomo wangu.

Sasa sikiliza kinachoniuma zaidi. Tulipokuwa tunarudi, baba yako aliniuliza, "Mbona hukumjibu kaka yako? Nilikuwa nangoja nikuone unavuka." Alisema kwa kutania, akicheka, maana kwake ile ilikuwa ngoma na si vita. Na siku ya pili yake nikiwa natwanga na mama mkwe, nikamsikia anaimba chini chini. Nikatega sikio. Alikuwa anauimba ule wimbo wa mtamba. Nikamtazama, akatabasamu na hilo pengo lake. "Unanishangaa? Mimi nyumbani kwetu ni Wagalu, mayu, mama yangu. Hukuniuliza."

Sikumuuliza. Hakuna aliyenikataza, Kabula. Hakuna hata mmoja. Niliwatungia watu maneno ambayo hawakuwa nayo, nikayaogopa, nikamwacha kaka yangu juu ya kichuguu.

Kaka alikuja kunitembelea baadaye, kabla hajakwenda machimboni Geita. Alikaa, akanywa uji, akauliza kama jambo la kawaida, "Siku ile Tinde, ulinisikia?" Nikasema, "Hapana, kaka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wetu." Akasema, "Basi sawa." Akamaliza uji. Tangu hapo tunapigiana simu, tunaulizana mvua, mahindi, watoto, miguu yangu, kifua chake. Habari za nyimbo hatujawahi kuzigusa. Na aliacha kuimba. Watu husema ni vumbi la mashimo lilimharibia sauti, na huenda ni kweli, mimi si daktari. Mimi nauchukia ule uongo wangu kuliko hata ule ukimya. Ukimya ulikuwa woga wa mtoto mdogo. Uongo niliusema nikiwa na akili zangu, nimekaa kwenye kivuli.

Sikusimulii haya ili na wewe uone aibu. Aibu yangu inanitosha. Wala sisemi utupe amapiano. Naipenda ile ngoma yake ya chini inayotikisa vikombe. Ila nimekaa miaka mingi kati ya watu wanaopenda nyimbo zao wazi wazi, wakanishirikisha, nikala ukarimu wao wote na mimi sikuwapa hata wimbo mmoja ulio wangu. Kujificha kunachosha, mwanangu. Moto wa kuni na kusonga ugali wa watu vimenichosha mwili, lakini huko kujificha ndiko kulikonichosha mimi mwenyewe. Utafika Geita, utapata wenzako kazini, mtakaa mnakula, mtu atasema hebu tuone kwenye simu yako kuna nini. Ni kitu kidogo. Lakini marafiki wa kweli nimewaona wakizaliwa hapo hapo, mtu anaposema mimi huu ndio unaonikosha, na mwenzake anasema weka tena. Ukiwapa nyimbo ambazo si zako, watakuwa marafiki wa mtu mwingine.

Na wengine watacheka, sikudanganyi. Mzee Sudi alichekwa taarabu yake mpaka wakachoka wenyewe.

Nimeiacha hii barua kidogo. Maji kwenye beseni yamepoa, na nikajiona mnafiki, namwandikia mwanangu maneno haya huku la kwangu nimelikalia. Nikampigia mjomba wako. Nakuandikia kama yalivyokuwa, maana ni ya leo na bado nayasikia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mama Kabula. Mtoto anakuja kesho?"

"Anakuja na basi la asubuhi."

"Haya. Chumba cha uani kimefagiliwa. Dagaa anakula?"

"Anakula."

"Haya."

Hapo huwa tunaagana. Nikasema, "Kaka, siku ile Tinde nilikusikia."

Akakohoa. Nilisikia mtu akiendesha pikipiki huko kwake, ikapita, ikapotea.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nakuona. Mimi si nilikuwa juu ya kichuguu? Mdomo wako ulikuwa unajibu."

"Mdomo gani, kaka? Mimi nilinyamaza."

"Sauti ndiyo haikutoka. Mdomo ulikuwa unasema kila neno, kibuyu na kila kitu. Ndiyo maana nikawa narudia. Nilijisemea, sasa hivi itatoka. Nikirudia mara moja tu, itatoka."

Kabula, mimi sikujua. Miaka yote hii sikujua kwamba mdomo wangu ulikuwa unajibu. Nililia kwenye simu, na mjomba wako hawezi kusikia mtu akilia, akawa anasema, "Basi, mayu, basi, mtoto atakuta macho mekundu." Halafu akasema kilichomuumiza ni pale nilipomwambia kwamba sikusikia, kwa sababu hapo alianza kudhani labda hata yeye hakuona, labda wimbo ule nilikuwa nimeshausahau, na mtu huwezi kuimba peke yako wimbo wa watu wawili.

Nikamwambia sijausahau. Akaniambia niuanze. Nikasema wewe ndiye mwenye kuuanza. Akasema kifua chake hakifai. Nikasema hata miguu yangu haifai, anza. Akaanza, Kabula, kwa ile sauti iliyobaki, imekauka kabisa, na nikamjibu kwa nguvu mpaka kuku wakatoka chini ya kichanja cha vyombo. Jirani alichungulia juu ya ua. Labda hata wewe uliusikia huko uliko, ukashangaa ni nani anayepiga kelele jioni hii kuomba kibuyu. Ni mama yako.

Tulipomaliza alikuwa anahema. Tukacheka kidogo. Ndipo akauliza, "Na huyu mtoto, yeye anasikiliza nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia anapenda ngoma zetu, kaka, zinamtoa bega, anazisikiliza kwa siri akiosha vyombo. Angefurahi sana. Nikalimeza. Nikamwambia, "Akifika muulize mwenyewe."

Akasema atakuuliza kesho, mkikaa kula. Najua utanitafuta kwa macho, na nitakuwa huku Nyasubi nageuza chapati. Safari hii sijakusemea.

Ni mimi, mama yako, ambaye miguu inamuuma na leo koo pia.